Rekodi Yetu ya Mwaka Hamsini na Moja

Jumanne, 1 Septemba 1998
Bundi wa Millbrook, timu yetu ya besiboli, wameshinda mechi 97 msimu huu. Rekodi ya timu ni 98. Yetu! Tuliiweka mwaka 1951. Tulikuwa ishirini, tumebaki wawili, mimi na Lou Danko, mdakaji wetu. Lou anasema tuwaache vijana wapite. Amezeeka vibaya. Rekodi ikienda, nani atawakumbuka akina Stosh na Whitey, na basi lile bovu tulilolisukuma hadi Dayton huku tukiimba? Bundi wamebakiza mechi tatu. Wakishinda mbili, tumekwisha.

Jumatano, 2 Septemba
Besiboli ina miiko. Mrushaji akiwa bado wapinzani hawajapiga vizuri hata mpira wake mmoja, jambo adimu sana, usimtajie. Utamtia nuksi. Leo mrushaji wa Bundi alikuwa hivyo, basi katikati ya mechi nikasogea nyuma ya benchi lao, nikamtajia kwa sauti. Wenzake wakashika vichwa kama wako msibani. Safi! Yeye akanishukuru, eti alikuwa hajahesabu. Akamaliza mechi bila kupigwa. 98. Lou amecheka mpaka meno ya bandia yakamtoka.

Alhamisi, 3 Septemba
Mimi na Lou tumealikwa kurusha mpira wa ufunguzi kabla ya mechi. Mwiko mwingine: ukiingia uwanjani, usikanyage mstari wa chokaa. Nikaukanyaga makusudi. Nilipotaka kuukanyaga tena, nikateleza. Kifudifudi, mbele ya watu elfu tatu! Wakasimama kunipigia makofi. Kipaza sauti kikataja jina langu, Earl Stubbins. Mwaka ule wa 1951 hakikunitaja hata siku moja, maana sikupangwa. Nilikaa benchi mechi zote 140. Nikiwa pale chini nikanusa nyasi zilizokatwa, harufu ileile, na nikawakumbuka wote.

Bundi wameshinda. 99. Nililia. Lou akanishika bega.

"Earl, wamechukua namba tu, ndugu yangu. Stosh na Whitey hawajaguswa."

Kweli tupu. Nimesamehe. Sitaingilia tena mambo ya watu.

Ijumaa, 4 Septemba
Nimesoma gazeti kwa moyo mweupe. Bundi wana kijana wa akiba, Ruiz. Hajapangwa msimu mzima. Mechi 139, benchi tu! Kesho ni ya mwisho. Akikaa tena, anazifikia 140 zangu!

Nimemwandikia kocha barua, kurasa nne. Nimemweleza kuwa Ruiz ana kipaji adimu na kesho lazima aanze. Sijawahi kumwona akicheza.