Mwenye Nyumba wa Vyumba Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa mwenye nyumba! Saa nne asubuhi, mbele ya wakili mwenye mafua, mimi na mke wangu tumetia saini. Vyumba viwili, ua, choo kimoja, na bati linalokaribia umri wangu. Miaka ishirini na mbili ya kunyoa vichwa vya watu imegeuka matofali.

Saini ya mke wangu imekaa sawasawa. Yangu kama kuku aliyekanyaga wino. Wakili akaniangalia. Nikasema kalamu mbovu.

Si kalamu. Ni mkono wa kulia. Unatetemeka tangu mwaka jana, na kinyozi anayetetemeka hafiki mbali. Watu wanapenda masikio yao. Mke wangu hajui. Mpango wangu: nyumba ianze kutulisha kabla mkono haujanifukuza kazi. Hapo ndipo nitamwambia. Mtu akishiba husikia vizuri.

Tatizo moja tu. Chumba kidogo ni kitupu, lakini kile kikubwa kinachotazama barabara kina mpangaji. Mkunga mstaafu, yuko humo miaka kumi na tisa, na bado analipa kodi ya enzi hizo. Dalali kasema nimtoe, nipake rangi, niweke duka. Kodi mara tatu! Kazi ya siku moja, kasema.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amepita saluni. Ni kaka wa mke wangu, ana nyumba nne, na funguo zote kazitundika kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona, kama mbuzi mwenye kengele. Akauliza nyumba yangu ina vyumba vingapi. Nikasema viwili. Akanipongeza, akasema hata yeye alianza na banda la kuku.

Kisha ushauri, tena bila kuombwa. Mwenye nyumba hacheki. Ukicheka na nyani, shemeji, utavuna mabua.

Mchana nikafanya mazoezi ya kununa mbele ya kioo. Nikasahau kwamba kitini kuna mteja na mkononi nina wembe. Akaniuliza, kwa heshima kubwa, amenikosea nini. Kaondoka na ndevu za upande mmoja. Hakusubiri chenji.

Jumatano, 5 Machi

Nimenuna njia nzima mpaka mashavu yakauma. Nikabisha hodi. Sauti ikajibu karibu, lakini niingie kiubavu, mlango umevimba na haufunguki wote. Mwenye nyumba akaingia kwenye nyumba yake kama kaa.

Mama mdogo wa umbo, miwani imefungwa uzi. Kitanda, meza, na ile mizani ya kupimia watoto wachanga. Siku hizi anawekea vitunguu. Nikamwamkia. Akaniita mwanangu kabla sijafika kwenye neno notisi, akanipa chai.

Kikombe kikanisaliti. Kilipiga kelele kwenye kisahani kama meno ya mtu mwenye homa. Akanishika kifundo cha mkono bila kuomba ruhusa. Akauliza tangu lini. Nikasema ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa. Akauliza kama mama watoto anajua.

Nikamuuliza mlango huu umevimba tangu lini.

Nimetoka bila kutoa notisi. Nimeahidi kupiga mlango randa.

Alhamisi, 6 Machi

Uso umeshindwa, acha barua ifanye kazi. Barua haipewi chai. Nimeandika mara nne: unatakiwa kuhama ndani ya siku thelathini. Tatu zilikuwa mbaya. Ya nne mbaya pia, lakini karatasi ziliisha. Zile tatu nimezificha mfukoni mwa suruali ya kazi. Huko hakuna atakayeziona.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempa barua. Mwenyewe! Mkononi! Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akasema miandiko kaiona mingi, hata ya madaktari, ila huu ni wa siafu wanaohama. Akanirudishia. Soma wewe, mwanangu.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikaona pale mezani kashanimiminia chai, safari hii kwenye bilauri nzito isiyo na kisahani.

Nikasoma hivi: Mpendwa mpangaji, mwenye nyumba anakusalimu sana, na anakuarifu kwamba mlango wako utatengenezwa ndani ya siku thelathini.

Akauliza ndiyo mwisho? Nikasema kuna na salamu za mke wangu. Akasema basi siku thelathini ni nyingi, randa ipo kwa jirani.

Nimepiga randa mpaka jioni, yeye kashikilia ubao upande wa pili. Jambo la ajabu: randa haijali mkono unaotetemeka. Mlango sasa unafunguka wote. Nimetoka nikiwa nimenyooka, nimejaa vumbi la mbao, na sijamtoa mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu amefua suruali ya kazi.

Kazianika barua tatu kwenye kamba, pamoja na soksi. Hakupiga kelele. Angepiga, ningejua pa kujificha. Aliniuliza tu huyu tunayemfukuza anaitwa nani. Sikujua. Miaka kumi na tisa humo ndani, na mimi nimejua kodi yake kabla ya jina. Akavaa viatu, akaniambia nitangulie.

Kwa mkunga, wanawake hao wawili walijifungia chumbani, mimi nikaambiwa nitazame bomba la uani. Kwanza nikasikia kicheko. Kisha kimya. Kimya kikaniogopesha zaidi. Nililikaza bomba zima, na halikuwa likivuja.

Mke wangu katoka macho mekundu. Mkunga hakusema kitu, kumbe; alimwambia tu siri ya mgonjwa haitoki kwake, amuulize mume kuhusu mkono wake. Mke wangu akamjibu hana haja ya kuuliza. Anajua. Miezi minane!

Akaniambia mashati yangu yote kayapanua matundu ya vifungo, moja moja, nikiwa kazini. Nami siku zote hizo nilidhani vidole vimepata nafuu. Hata nilimsifu Mungu.

Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema alikuwa ananisubiri mimi, baba watoto. Alitaka nimwambie mwenyewe.

Kanishika mkono njia nzima. Haukutulia. Tumetetemeka wote wawili mpaka nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Hospitali, pamoja. Daktari kasema ugonjwa huu hautaniua, lakini nao haufungashi virago leo wala kesho. Dawa kila siku. Wembe basi. Mashine ya umeme naruhusiwa, tutaona. Mke wangu aliuliza maswali yote. Mimi niliuliza kama naruhusiwa kununa.

Mkunga habanduki. Mwenyewe kapandisha kodi yake, kamtajia mke wangu: si mara tatu, lakini si ya enzi zile tena. Chumba kidogo kakitaka kijana fundi redio, akaomba aingie kwanza, kodi tutaongea mbele ya safari. Nikaanza kukubali. Mkunga akachungulia mlangoni, akamtazama, akasema mama yake huyu nilimzalisha mimi, kijana akatoka akitanguliza miguu, na hata siku ile alitaka kuingia kwa masharti yake. Kijana akalipa palepale, miezi mitatu.

Shemeji kasikia. Kaja mbio, funguo zinalia, anataka kujua nimemweka wakala gani. Nikamwambia siri ya biashara. Sikucheka. Hatimaye!

Nimemwapia mke wangu: siri mwisho. Nimeinua mkono wa kushoto, ule unaoaminika.

Alhamisi, 13 Machi

Dalali kapiga simu. Nyumba ya vyumba vinne, bei ya kutupa! Wapangaji wamo ndani tayari, bendi nzima ya tarumbeta, hawatoki na hawalali. Kazi ya siku moja, kasema. Pesa hatuna, lakini kutazama ni bure, na safari hii nitakuwa mkali tangu mlangoni.

Mke wangu asijue kwanza. Nitamwambia mambo yakishakaa sawa. Nimemuaga kwamba natoka kidogo, nakwenda kunyolewa.

Akanitazama. Mimi, kinyozi, mwenye saluni, kichwa kimenyolewa jana. Akachukua mkoba wake, akasema twende wote, ana hamu ya kumwona huyo kinyozi.

Njiani nimetunga uongo mwingine, mzuri zaidi. Huu utafaa wiki ijayo.