Meno ya Mteja Asiyekuwepo

Kwa heshima na taadhima, naomba kuutangazia umma kwamba kampuni yetu ya vifurushi haijawahi kupoteza kifurushi hata kimoja. Vifurushi vyote vipo ghalani, vimepangwa vizuri, na navifuta vumbi mimi mwenyewe kila Jumatatu. Wanaopotea ni wateja.

Nasema haya nikiwa na mamlaka kamili. Mimi ni Mkuu wa Idara ya Usafi, Chai na Mwandiko. Idara ina mtu mmoja, ndoo mbili na birika. Usafi niliuanza mwaka aliofariki mume wangu, Mungu amrehemu. Chai ikafuata. Mwandiko nilipewa mwaka jana, Mkurugenzi alipoiona orodha yangu ya sabuni akasema, "Mama, una mwandiko wa kuaminika. Mtu akiusoma hawezi kubisha."

Kazi ya mwandiko ni hii. Kila asubuhi, kabla pikipiki haijawashwa, nakaa na orodha ya siku na kuandika kadi: "Tulifika kwako. Hukuwepo." Saa tuliyofika naiweka pia. Zamani dereva aliandika kadi hizo mwenyewe mlangoni kwa mteja, na alikuwa akipoteza muda mwingi kwa kupiga hodi, kungoja, na mara nyingine, mteja akitoka, kumpa kifurushi chake. Sasa anabeba kadi tu. Kadi ni nyepesi, haivunjiki, na inapita chini ya mlango wowote. Dereva wetu tunamwita Upepo, maana hakuna aliyewahi kumwona akifika.

Siku ya kwanza niliuliza. Mimi ni mtu wa sala, sipendi kuandika nisichokiona.

"Mkurugenzi, huu si uongo?"

"Uongo?" Akanitazama kwa huruma. "Mama, uongo ni wa jambo lililokwisha kutokea. Hili bado. Haya yanaitwa makadirio. Wewe andika orodha inavyosema, usiulize nani ni nani."

Nikaelewa. Neno hilo la mwisho nikalishika kama nilivyoambiwa.

Sasa nije kwa Mwalimu. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa anangoja meno yake ya bandia, ya juu na ya chini, yaliyotengenezwa mji mwingine na kutumwa kwetu. Jumamosi binti yake wa mwisho anaolewa, na baba ndiye wa kusimama na kusema neno. Jumatatu akaja ofisini na kadi mbili mkononi. Maneno yalimtoka mapana, hayana kingo, lakini ukimzoea unamwelewa.

"Hukuwepo, mzee," karani alimwambia kutoka dirishani. Karani wetu ndiye pia mtunza ghala, na anaheshimu karatasi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

"Nilikuwepo! Siku mbili nimekaa mlangoni, mpaka kuku wa jirani wamenizoea."

"Mfumo unasema hukuwepo."

"Huo mfumo ulisimama wapi ukanikosa?"

"Mzee wangu, usiusumbue mfumo. Nenda nyumbani ukawepo."

Akaenda, akawepo. Jumatano asubuhi alirudi na kadi ya tatu, anatweta.

"Jana nimemshika kidole!" akaliambia dirisha. "Kadi inaingia chini ya mlango, nami nikakishika kidole cha huyo dereva wenu! Nikamwambia, niko hapa, nipe meno yangu. Akanijibu, 'Mzee, usiniharibie kazi, hukuwepo.'"

"Kidole chenyewe unacho?" karani akauliza.

"Nilikiachia."

"Basi hatuna ushahidi."

Ieleweke kwamba kwa taratibu zetu, asiyekuwepo mara tatu anakuwa asiyekuwepo wa kudumu, na mzigo wake unafungiwa ghalani. Mwalimu akakaa kwenye benchi. Nilikuwa nadeki. Nikamwambia ninalowaambia wote, "Nyanyua miguu, baba, nideki." Akanyanyua.

"Mama," akasema miguu ikiwa juu, "jana nimejaribu kumwombea binti yangu dua. Akaniletea maji, akidhani nimepaliwa."

Hapo sikucheka. Wengine walicheka.

Kelele hizo zilimteremsha Mkurugenzi kutoka ghorofa ya pili. Alisikiliza, akatikisa kichwa, na kabla ya saa sita akawa ametoa Waraka wa Utambuzi wa Wasiokuwepo, kurasa mbili. Niliubandika mimi, kwa pini nne. Ulisema kwamba asiyekuwepo atahesabiwa kuwa yupo iwapo mteja mwingine aliyepo, asiye ndugu yake, atatia saini kuwa amemwona. Wafanyakazi hawaruhusiwi kushuhudia, ili wasipendeleane.

Waraka ulikuwa mzuri sana. Mwalimu aliusoma, akamgeukia fundi cherehani aliyekaa kando yake.

"Dada, utanishuhudia?"

"Ningekushuhudia baba yangu, lakini mimi sipo tangu mwezi wa pili."

Akamwendea muuza dawa. Muuza dawa naye hakuwepo. Kinyozi hakuwepo. Bwana mmoja anayengoja kioo cha pembeni cha gari alikuwa hayupo mara mbili, kwa vifurushi viwili tofauti. Kwa kweli benchi zima halikuwa na mtu. Mteja aliyepo anakuja kufanya nini kwetu?

Wakati huohuo neema ikatushukia. Wizara ilitangaza kwamba kampuni yetu ndiyo inayoaminika kuliko zote, na ikatutumia ngao. Mgeni mkubwa angekuja Ijumaa saa nne kumwona Mkurugenzi akiinyanyua. Ngao ilitumwa kwa kupitia kwetu, kwani Wizara nayo inatuamini.

Alhamisi asubuhi, mstari wa saba wa orodha yangu ulisema: "Mkurugenzi, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto." Nikaandika. Mwandiko ulitoka vizuri, hasa kwenye "hukuwepo".

Mkurugenzi alikuwa ndani, amekaa, kadi ilipoingia. Akadhani imepotea njia, akanipa niitupe. Saa nane ikaingia nyingine. Akapiga simu ya huduma kwa wateja, ambayo ni simu yetu wenyewe, ikamwambia asikate kwa kuwa yeye ni muhimu kwetu. Hakukata mpaka jioni. Ijumaa saa tatu asubuhi ikaingia ya tatu, na nikasikia ngazi zote ishirini na mbili zikishukwa kwa pupa.

"Karani! Fungua ghala, nipe ngao yangu!"

Karani akafungua daftari, akalamba kidole, akageuza kurasa taratibu.

"Hukuwepo, mkuu."

"Nilikuwa juu ya kichwa chako!"

"Mara tatu, mkuu. Wewe sasa ni wa kudumu."

"Lakini unaniona!"

"Mimi mfanyakazi. Siruhusiwi kukuona." Akanyoosha kidole kwenye waraka. "Anatakiwa mteja."

Mkurugenzi akaligeukia benchi. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mwalimu, maana alikuwa wa kwanza kila siku.

"Mzee wangu, baba yangu, tia saini hapa kwamba umeniona."

Mwalimu akamtazama kuanzia juu mpaka kwenye viatu.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Mimi mwenyewe sipo."

Mkurugenzi akamuuliza karani kama hakuna njia.

"Kwa mteja ipo, mkuu. Ukurasa wa pili: idhini maalumu ya Mkurugenzi. Kwa mfanyakazi haipo, uliikata mwenyewe kwa kalamu nyekundu."

Kalamu ikatoka. Mkurugenzi akaandika kwa mkono wake kwamba Mwalimu yupo na alikuwepo siku zote. Karani akagonga mhuri, akaingia ghalani, akatoka na kiboksi. Mwalimu akawageuzia watu mgongo, kwa adabu, akavaa. Alipogeuka alikuwa mtu mwingine. Akachukua fomu ya Mkurugenzi, akaisoma yote kama anayesahihisha mtihani.

"Ombi lako limepokelewa," akasema, kila herufi imesimama mahali pake. "Litashughulikiwa ndani ya siku tatu hadi saba za kazi. Mimi nawahi harusi."

Akaondoka. Tulimsikia akijaribu sauti mpaka getini: "Mabibi na mabwana! Mabibi na mabwana!"

Mkurugenzi hakukata tamaa. Akamwidhinisha fundi cherehani, akawepo, akachukua mzigo wake, akaenda zake. Akamwidhinisha muuza dawa, naye hivyohivyo. Kinyozi alikuwa mlangoni kabla mhuri haujakauka. Yule bwana wa kioo akawepo mara mbili, akaondoka mara moja. Kila aliyetambuliwa kuwa yupo hakuonekana tena. Kwa nusu saa tulitoa vifurushi vingi kuliko mwaka mzima uliopita, na saa nne kasoro dakika tano benchi lilikuwa na mtu mmoja tu, ameshika fomu ambayo haina saini.

Gari likalia nje. Mgeni wa Wizara akaingia na mpiga picha, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Namtafuta Mkurugenzi."

Karani akautazama mfumo. Ni mtu mwaminifu, hajawahi kuusaliti.

"Hayupo," akasema.

Mgeni akashangaa, akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Kwenye benchi mtu akainua mkono, akafungua mdomo, kisha akautazama waraka ukutani na zile pini zangu nne.

Sakafu ilikuwa imechafuka kwa watu wote wale waliokuwepo. Nikachovya tambara, nikalikamua, nikaanza kutoka pembeni kama kawaida yangu. Nilipofika kwenye benchi nikasimama.

"Nyanyua miguu, mwanangu, nideki."

Akanyanyua.