Uzinduzi wa Kazi za Muda, Uwanja wa Kabeza

Mheshimiwa Mwakilishi wa Bwana Prefekti, ambaye hakuweza kufika, mheshimiwa aliyetuletea udhuru wa Mwakilishi, Bwana Burugumesta mkuu wa komuni yetu, Padri wetu, Imamu wetu, wazee na mama zangu, wenye maduka mliofunga maduka kwa hiari baada ya kushauriwa na askari, nanyi vijana wapendwa msio na kazi, ambao bila ninyi mimi nisingekuwa na kazi: nawasalimu! (Makofi. Kikundi cha animasiyo, cha nyimbo na ngoma za kuwasifu wakubwa, kinaanza kucheza, kinaambiwa bado.)

Mimi Twagirayezu, Mkurugenzi wa Tume ya Muda ya Kazi za Muda, nimeteremka kutoka Kiyovu, mtaa wa wakubwa, Jumamosi hii ya mwaka 1991 kuwazindulia mradi mkubwa. Utafiti wetu, uliofanyika katika semina kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, umethibitisha kwamba asilimia mia moja ya vijana wasio na kazi hawana kazi, na kwamba asilimia tisini kati yao wangependa kuipata. Hao waliobaki hawakuwa wameelewa swali. (Kicheko. Askari anageuka. Kicheko kinakoma.)

Tazameni uwanja huu! Jana ulikuwa kichaka. Leo tangu alfajiri vijana wameufyeka, wameusawazisha, wamenijengea jukwaa hili kwa miti ya mikaratusi, na kila mmoja amekuja na jembe lake mwenyewe. Wapo wanaonong'ona kwamba huu ni umuganda tu, ile kazi ya Jumamosi tunayoifanya wote bure. Hapana! Umuganda ni wajibu. Hii ni ajira, isipokuwa mshahara wake uko katika awamu ya pili. (Sauti ya mama: "Awamu ya pili iko lini, shefu?") Swali zuri, mama. Itafuata mara tu baada ya awamu ya kwanza, ambayo nayo inaandaliwa.

Namwona kijana ameinua mkono. Jina? Gratien. Sema, mwanangu. ("Mzee, mimi niliacha mashine ya kushona kwa Bwana Salvator, kwa sababu tangazo lilisema kazi inaanza leo. Jumatatu nije hapa ama niende wapi? Nyumbani ni mimi na mama tu.") Mmesikia moyo huo? Ameacha mashine! Na mkononi ameshika jembe la marehemu baba yake, mpini umezungushiwa kitambaa cha bluu pale mkono unaposhika, nami nimeambiwa kitambaa hicho hakifunguliwi. Huu ndio uzalendo ambao... (Salvator, fundi, kutoka nyuma: "Bwana Mkurugenzi, mjibu mtoto! Jumatatu nampa Ingabire kile kiti chake cha mashine. Mimi iko na wateja, hawangojei awamu.")

Bwana Salvator, tusiharakishe. Jumatatu ni neno pana. Kijana ataripoti mahali patakapochaguliwa na komite, mara komite yenyewe itakapochaguliwa. (Gratien: "Kwa hiyo hakuna kazi?") Sikusema hakuna. Nimesema ipo, kimsingi. (Salvator: "Gratien, weka jembe begani, twende. Sare za wanafunzi hazijapigwa pindo, na wewe unajua mkono wa Ingabire unavyopindisha." Ingabire mwenyewe, kutoka kwa wasichana: "Nakusikia, fundi!" Kicheko kikubwa, safari hii hata askari anacheka. Gratien anavuka uwanja kumfuata fundi.)

Simameni! Waheshimiwa, mmeshuhudia? Hata hotuba sijaimaliza, na kijana aliyekuja hapa bila kazi anaondoka na kazi! Mwandishi wa redio, andika: mradi umefaulu! Kazi za muda! (Watatu: "Oyee!") Vijana mbele! (Vijana wanarudi nyuma, kivulini.) Animasiyo, sasa chezeni!

Nawashukuru nyote kwa mafanikio haya, na nawaomba mvirudishe viti parokiani. Matokeo sasa tunayo, picha tunazo, na Jumatatu nitawapelekea wakubwa wangu ombi, kwa unyenyekevu, kwamba mradi huu nao ufikiriwe kuanzishwa.