Baba Hatunaye

Jumatatu, 1 Septemba

Bomba letu limekatwa. Fundi wa maji alikuja asubuhi, akaing'oa mita kama mtu anayechuma boga, akaitia mfukoni, akasema pole. Mama akamkaribisha chai. Akanywa! Maji ya mwisho ya nyumba hii yameingia tumboni mwa aliyeyakata.

Mama ana kibanda cha chai na maandazi hapa Rhotia, kando ya barabara. Bila maji hakuna chai. Bila chai vijana wa bodaboda wanahamia kibanda kingine, na sisi hatuli. Ni rahisi hivyo.

Nikaenda kuchota kwa jirani, kwa kina Antonia. Tuko naye darasa moja, kidato cha pili. Alisimama mlangoni akinitazama. Akaniambia nijaze tu mpaka juu, wao jumuiya ya kanisa inawalipia.

Jumuiya! Tangu baba yake afariki, mwaka juzi, wanajumuiya wanawalipia maji, wanawapalilia shamba, na Krismasi walimnunulia sweta. Mama yake analea peke yake. Mama yangu analea peke yake. Tofauti ni moja: baba yao alikufa, wetu ana duka huko Nainokanoka, kwa wafugaji.

Najua ni dhambi kumwonea mtu wivu kwa jambo kama hilo. Nimeandika ili nikumbuke kuungama. Sweta lenyewe ni la bluu.

Jumanne, 2 Septemba

Nilimwomba mama aende kwa mwenyekiti wa jumuiya, Mama Piusi, aeleze shida yetu. Amekataa. Anasema jumuiya inasaidia wajane na wagonjwa. Mwanamke mwenye mume hai akiomba, ataulizwa mumeo yuko wapi, na yeye amechoka kulijibu swali hilo. Namba ya baba haipatikani tangu Pasaka.

Shuleni Mwalimu Naipanoi amefundisha tafsida. Anasema mtu mwenye adabu hasemi fulani amekufa. Anasema ametutoka. Ametangulia. Hatunaye.

Nikaandika yote matatu. Kisha nikalitazama lile la mwisho kwa muda mrefu. Hatunaye. Hatuna yeye. Je, sisi baba tunaye? Hatunaye! Si uongo. Ni sarufi.

Katika zoezi nimepata kumi kwa kumi. Antonia tisa. Siku njema.

Alhamisi, 4 Septemba

Sala ya jumuiya, nyumbani kwa Mama Piusi. Mama alikuwa kibandani akisubiri wateja wasiokuja, akanituma nimwakilishe.

Ukafika wakati wa maombi. Antonia akatangulia, kwa ile sauti yake ya kutetemeka. Akina mama wakaguna kwa huruma. Wanaguna kila wiki!

Nikasimama. Nikasema: "Tuiombee familia yetu. Baba hatunaye, na bomba limekatwa. Ee Bwana."

Walipaswa kuitikia utusikie. Hakuna aliyeitikia. Mama Piusi alijifunika uso kwa kitenge. Akaniuliza kwa upole, tangu lini, mwanangu? Nikamjibu ukweli, kwamba tangu Pasaka hatujamsikia. Akauliza yuko wapi. Nikasema Nainokanoka. Akasema jamani, wamemzika hukohuko bila hata kutuita!

Sikusema kitu. Kunyamaza si kusema uongo.

Natarajia mchango mdogo, wa kimyakimya, unaotosha maji.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimetoka shule nikakuta turubai uani. Turubai! Na benchi za kanisa. Na akina mama wanaingia kwa mstari, ndoo za maji kichwani na mizigo ya kuni, kama desturi ya msiba ilivyo. Pipa letu limejaa hadi linamwagika. Kwa dakika chache nilijiona mtu mwenye akili sana.

Kisha mama akatokea na sinia la maandazi kichwani. Akaliona turubai. Sinia likaanguka. Akapiga yowe akiita jina langu, Selestina, Selestina! Nikamkimbilia. Akanishika uso, akanishika mikono, akahakikisha niko mzima. Ndipo akauliza basi ni nani. Mama Piusi akamwambia.

Nilidhani atacheka. Nilidhani atasema acheni mzaha, Vedasto wa kufa huyu? Badala yake alikaa chini, akalia. Alilia kwelikweli. Kwa mtu asiyetuma hata kiberiti! Mimi nikivunjika mguu hatalia hivyo.

Hapo nilifungua kinywa niseme. Naapa nilifungua. Lakini Antonia akaja akakaa nami mkekani, akanipa leso yake. Akaninong'oneza kwamba wiki ya kwanza ndiyo mbaya, na kwamba niirudie sauti ya baba kichwani kila siku, maana sauti ndiyo husahaulika kwanza. Kisha akaanza kulia yeye.

Akina mama wakasema mwoneni Antonia jamani, ana moyo huyo mtoto.

Kwenye msiba wangu! Hata kulia ananishinda.

Jumamosi, 6 Septemba

Katekista Leonce alikuwa katikati ya rozari bodaboda ilipoingia uani. Akashuka baba, vumbi hadi kwenye kope.

Kumbe Lekoko, mfugaji wa huko anayenunua sukari dukani kwake, alikuwa Karatu jana akasikia habari za msiba. Leo alfajiri akamkuta marehemu anafungua duka. Lekoko alikataa kupokea chenji mkononi mwake. Alimwambia aiweke chini.

Baba akauliza kwa sauti kubwa ni nani aliyemuua.

Mayowe! Mpishi wa maharage alikimbia na mwiko wake, hajarudi mpaka sasa. Katekista alishika rozari kwa mikono miwili. Mama peke yake hakusogea. Alijifuta uso, akamtazama baba kuanzia viatu kwenda juu, taratibu.

Mama Piusi ndiye aliyesema. "Vedasto, umekufa au hujafa?"

Baba akasema hajafa.

"Basi kama hujafa, bomba limekatwaje?"

Baba akaangalia lango. Wanaume wa jumuiya walikuwa wameshasogeza benchi pale, wamekaa. Akatoa simu, ile isiyopatikana, ikapatikana vizuri tu. Akalipa deni lote la maji huku Mama Piusi akiusoma ujumbe kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho.

Ndipo wakauliza habari ya kifo ilitoka wapi. Wote wakanigeukia. Nikawaeleza kuhusu tafsida. Nikawaeleza na viambishi. Hakuna aliyeuliza swali.

Baba aliondoka kabla chai haijachemka.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeomba msamaha mbele ya jumuiya nzima, baada ya misa. Magoti yangu bado yana vumbi.

Likabaki suala la rambirambi. Gunia la mahindi, maharage, sukari na bahasha. Katekista anasema mchango wa msiba haurudi kwa aliyetoa, ni mkosi. Upelekwe kwa mjane wa kweli.

Kina Antonia!

Mama akaamuru nipeleke mwenyewe, kwa toroli. Antonia alipokea, akasema anafurahi sana kwamba baba yangu yu hai. Alimaanisha. Hilo ndilo linalouma.

Nyumbani nilimuuliza mama kwa nini alimlilia baba vile. Akasema hakumlilia sana yeye. Ni kwamba miaka yote hii watu wanamuuliza tu mumeo yuko wapi. Juzi, kwa mara ya kwanza, walimwambia pole.

Nikalia kidogo. Antonia hakuwepo kuona.

Jumatano, 10 Septemba

Maji yanatoka. Kibanda kimefunguliwa. Vijana wa bodaboda wamerudi na wanamwita mama "mjane wetu", naye anawatishia kwa kijiko. Nimetubu kabisa. Moyo wangu ni mweupe.

Leo Antonia amekuja shule na viatu vipya. Vyeusi, vya ngozi, vinalia anapotembea. Vimetoka kwenye bahasha ya baba yangu. Vyangu vimefumuka mbele, vidole vinasalimia watu.

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa kumtaja baba. Mtu yuko mbali, ana miguu, anaweza kutokea wakati wowote. Ningemtaja mama, aliye hapahapa na ambaye kila mtu anaiona hali yake. Tena wagonjwa jumuiya huwatembelea upesi zaidi kuliko wafiwa, na huja na machungwa.

Kesho ni sala. Mama atakuwa kibandani. Nitasimama, nitasema maneno mawili tu, nayo ni ya kweli kwa viatu, kwa unga, kwa kila kitu: mama hajiwezi.