Kimya cha Jumapili

Jumapili, 2 Machi

Leo nimefedheheshwa mbele ya ukoo mzima. Naandika nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa simu yetu ya video ya kila Jumapili. Mama na dada mkubwa upande mmoja wa kioo, mdogo wangu wa kike na mumewe upande wa pili. Mimi peke yangu katika chumba cha nyuma, ambacho ni studio yangu, ofisi yangu na, kwa maneno ya mke wangu, stoo. Pembeni nilikuwa nimefungua picha za harusi ya mteja, maana mtu wa kazi hapumziki. Kompyuta ikaanza. Mimi nimeizoea. Feni zake zikishika kasi hunguruma kama lori linalopanda mlima. Mama akakatiza habari za goti lake, akauliza kama huku kwangu kunanyesha. Wote wakacheka. Shemeji hakucheka, alitabasamu tu. Hilo ni baya zaidi.

Shemeji huyu, mume wa mdogo wangu, ana kompyuta isiyotoa hata pumzi. Akiongea unamsikia kama mtangazaji wa redio. Nimempa jina la Bwana Kimya. Hajui.

Sasa jambo lenyewe. Picha pekee ya marehemu Baba, ile aliyosimama mbele ya mashine yake ya kusaga nafaka, inafifia. Imepasuka kutoka begani hadi shavuni. Macho ya Mama yanaingia ukungu, na anataka picha isafishwe, ikuzwe, itundikwe ukutani akiwa bado anaona. Atapewa mtu mmoja, basi. Haitazungushwa mikononi mwa watu. Jumapili ijayo Mama atamtaja huyo mtu. Bwana Kimya ameshajitolea. Mtu anayeshinda na hesabu za ofisi! Mimi nimesafisha nyuso za watu maisha yangu yote. Nimewaondolea maharusi chunusi wasizozijua. Kazi ya uso wa Baba ni yangu.

Kitakachoninyima ni kelele. Basi kelele na ife.

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata dawa, na haihitaji kununua kitu. Kabati la nguo! Nimeitia kompyuta ndani, nikaifunika blanketi zito, nikafunga mlango na kupitisha nyaya kwenye upenyo. Kimya cha ajabu. Nilisikia saa ya ukutani, ambayo sikujua kwamba hutoa sauti. Nilikaa nikiisikiliza kwa heshima.

Nikaendelea na bibi harusi. Nilikuwa nusu ya shavu la kushoto kioo kilipokuwa cheusi. Nikafungua kabati. Likanipulizia joto la tanuri usoni. Kompyuta ilikuwa imejizima yenyewe, na gauni la mke wangu lililokuwa juu yake limepata rangi ya pili, kama chai ya maziwa, mahali pasipofichika.

Mke wangu aliuliza tangu lini kabati letu linapika. Nikamweleza kwamba kila jambo kubwa lina gharama zake. Akasema gharama za mambo yangu makubwa huwa zinamwangukia yeye. Chakula cha jioni kilipita bila mazungumzo. Kimya nilikipata, lakini si kile nilichokitafuta.

Jumatano, 5 Machi

Jana nilitafakari. Leo nimetenda.

Kosa la kabati lilikuwa hewa. Kompyuta inataka hewa, mimi nataka kimya, kwa hiyo tutengane: yeye chumba kingine, mimi hapa, nyaya zipite ukutani. Ukuta wa studio umepakana na jikoni. Nimetoboa tundu safi kabisa. Plasta iliyoanguka ni ndogo ukilinganisha na ukuta uliobaki.

Upande wa jikoni, nyaya zilifika kwenye rafu moja tu, ile ya unga. Nikasogeza debe la unga, nikaweka kompyuta, nikarudi kwenye kiti changu. Kimya. Hewa tele. Nilijipongeza kwa sauti.

Sikujali kwamba debe lile halikuwa na kifuniko. Feni za kompyuta huvuta hewa kwa mbele na kuitoa kwa nyuma. Yaani zilivuta unga kwa mbele na kuutoa kwa nyuma. Mke wangu aliingia jikoni kuchukua maji, akatoka mweupe hadi kope. Alisimama tu mlangoni pa studio ili nimwone vizuri.

Haraka haraka haina baraka. Nakubali. Lakini Jumapili hainisubiri.

Alhamisi, 6 Machi

Kompyuta sasa inanguruma na kukohoa pia. Nimeibeba hadi kwa fundi wa kompyuta, kule kwenye duka lililojaa mashine zilizopasuliwa matumbo. Fundi ni mpole mno. Alifungua ubavu, akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mimi ni mwokaji mikate.

Nikamweleza hali: simu za video, usafishaji wa picha, uadui. Akasema jambo langu ni jepesi. Hii mashine ina nguvu za kutosha, imelemewa na vumbi tu, na sasa unga. Aisafishe, abadilishe feni mbili ndogo aweke moja kubwa inayozunguka polepole, mimi niiweke chini ya meza mbali na kipaza sauti, na nivae hedifoni yenye kipaza sauti karibu na mdomo. Mama atanisikia mimi, hataisikia mashine. Nije Jumamosi.

Nilimtazama kwa huruma. Nani ameshinda vita kwa kufagia?

Maana juu ya rafu yake nilikuwa nimekiona. Kijisanduku cheusi, kidogo kuliko kitabu, kisicho na feni. Hakina hata tundu! Nikauliza. Fundi akasema ni kompyuta nzuri ya kupiga simu na kuandika barua, lakini si ya picha. Haina pa kutolea joto, ukiipa kazi nzito inaanza kuvuta miguu, na ukiilemea kabisa inaganda. Wala usithubutu kuunganisha simu na picha kubwa kwa wakati mmoja, akasema.

Hayo ndiyo maneno ya mtu anayetaka kubaki nacho mwenyewe. Nikambana. Tulikubaliana nimwachie kompyuta yangu ya zamani pamoja na taa yangu moja ya studio, ile nzuri. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nilishakiweka kwapani.

Jumamosi, 8 Machi

Kimya kamili! Nimeweka sikio juu ya kijisanduku na nimesikia damu yangu mwenyewe. Bwana Kimya sasa ni mtoto mdogo. Kompyuta yake lazima ina kafeni kadogo mahali fulani.

Picha zinafunguka polepole, ni kweli. Nikibofya, naweza kwenda kunywa maji na kurudi. Lakini mvumilivu hula mbivu.

Mpango wa kesho ni huu. Dada mkubwa alishanitumia picha ya Baba aliyoipiga kwa simu yake. Nitaifungua kubwa kabisa tangu mwanzo na kuanza kuziba ule mpasuko wa shavuni, ili Mama atakapokuwa anataka kutamka, niionyeshe: kazi ilishaanza! Na kuanzia salamu hadi hapo, sitasema neno. Nitazima kipaza sauti. Nitatulia kama maji mtungini. Waache wenyewe wagundue kwamba mvua imekoma kwangu. Mtu hasifii kimya chake mwenyewe.

Mke wangu nimemwomba ashinde kwa jirani, na nimemkabidhi simu yangu aende nayo ili isiite. Amekubali haraka kuliko nilivyotarajia. Saa ya ukutani nimeitoa betri.

Jumapili, 9 Machi

Mkono wangu ni mzito leo. Nitaandika kwa mpangilio ili nisilie kabla ya wakati.

Simu ilianza vizuri. Niliwapungia mkono. Nikaifungua picha ya Baba, kubwa, ikajaza kioo, yeye na ile mashine yake, vumbi la unga kwenye nyusi. Nikagusa mpasuko. Kijisanduku kikawa cha moto. Kipanya kikakataa kwenda. Nikabofya, nikabofya tena, hakuna. Sauti zao tu ndizo zilizoendelea kuja.

Nikamsikia dada mkubwa akisema ndugu yenu ameganda, mdomo wazi. Mdogo wangu akacheka. Mama akauliza yule wake wa kelele yuko wapi. Dada akamwambia picha yake ipo lakini haitikisiki. Mama macho hayamsaidii tena kwenye kile kioo, anatutambua kwa masikio. Akatega sikio. Kisha akasema: "Hayupo huyo. Angekuwepo ningemsikia."

Nikapiga kelele. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, nilikizima mimi mwenyewe. Nikakishika kijisanduku kwa mikono miwili na kukitikisa. Nikaungua vidole.

Hapo Mama akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema. "Hii picha nilitaka nimpe yeye. Mnamcheka na ule mvumo wake, lakini mimi kila Jumapili nikiusikia naona kama baba yenu yuko chumba cha pili, hajazima mashine. Siku hiyo nalala vizuri."

Sikujua. Miaka yote hii namwomba radhi kwa ile kelele, naye hakuwahi kuniambia.

Bwana Kimya akasema, na hili siwezi kumnyima, kwamba basi wanisubiri, pengine ni mtandao. Mama akakataa. Alisema alitoa siku, watu wote waliijua, na mtu aliyeshindwa kuja siku ya neno la baba yake asisubiriwe. Asiyekuwapo na lake halipo. Picha apewe shemeji.

Nilikuwapo! Nilikuwa nimekaa mbele yao, nimevaa shati la pasi!

Nikakimbia kwa jirani kufuata simu, na soksi miguuni. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kochi la watu, simu yangu iko chini ya mto, imezimwa. Ilipowaka na Mama kupokea, walikuwa wameshaagana. Nikamwambia Mama nilikuwapo, nilisikia kila kitu. Akauliza mbona sikusema nipo. Nikasema nilitaka asikie jinsi nilivyo kimya. Akauliza tena: "Kimya kinasikiwaje, mwanangu?"

Nikamwomba abadilishe neno. Akasema neno lilishatoka mbele ya watu. Kisha akasema kwa upole kwamba hakukasirika, ila siku nyingine nikiwa nipo, niseme nipo. Nililia mlangoni kwa jirani, jirani akitazama.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na nguvu mpya. Ufunguo ni ule ule: mvumo. Mama anataka mvumo, mimi nina kompyuta yenye mvumo. Nilikuwa nao kwapani siku zote, nikaubadilisha kwa sanduku la moto!

Nikafika dukani fundi akifungua mlango. Nikamrudishia kijisanduku chake na kudai mashine yangu. Hakubisha hata kidogo, hata taa akanirudishia. Akaitoa mashine kwa fahari, kama mkunga. Alikuwa ameisafisha. Vumbi lote nje, unga wote nje, feni moja kubwa inayozunguka polepole. Akaiwasha. Akafungua picha tatu kubwa na simu ya video kwa pamoja. Nikainama. Nikaweka sikio. Hakuna kitu! Imekufa ganzi! Nikamuuliza kama anaweza kuurudisha ule uchafu. Akaniambia nikapumzike.

Mchana ukaja ujumbe wa Bwana Kimya. Anasema ofisini kwao kuna mashine nzuri ya kunakili picha, kwa hiyo atanakili ya Baba vizuri, lakini yeye kusafisha uso hajui na hataki kuuharibu uso wa mkwewe. Ananiomba niifanye mimi. Anasema ameshamwambia Mama na Mama amefurahi. Ataileta Jumamosi mwenyewe, nimjibu tu kama nitakuwepo.

Mke wangu ameusoma mara mbili, akasema si ndicho nilichokuwa nakitaka, nimjibu. Yeye ana moyo safi, haoni mbali. Mimi nafanya kazi, jina linakwenda kwa Bwana Kimya! Sijajibu. Namwacha awaze wiki nzima.

Maana nina mpango. Feni ya mezani ya mke wangu, ile ya chuma, ukiiweka kwenye namba ya juu hutikisika na kunguruma hasa. Nimeijaribu mbele ya kipaza sauti. Ni mashine ya Baba tupu, ukifumba macho. Mke wangu anauliza kwa nini nisiseme tu, Mama, nipo. Nimemwambia vifaa si fani yake.

Jumapili nitaiwasha, nitakaa nyuma yake, na sitatamka neno hata moja mpaka Mama mwenyewe atambue kwamba nipo.