Mabaki ya Uwanja Ambao Haujajengwa

Siku mheshimiwa mmoja alipokuja Kisumu kutangaza kwamba mji wetu utapokea Michezo ya Mataifa ya Maziwa Makuu, watu waliokusanyika kumsikiliza walisikia habari za mpira, riadha na wageni wenye pesa. Zadock Oyugi alisikia neno moja tu.

"Michezo itapita," mheshimiwa alisema akijipangusa jasho, "lakini urithi wake utabaki na nyinyi, watoto wenu na wajukuu wenu!"

Watu walipiga makofi. Zadock hakupiga. Alikuwa akitazama nyuso zao. Aliona kwamba kila mmoja ameshautamani huo urithi, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza ni kitu gani, kitawekwa wapi, na ufunguo atashika nani. Katika maisha yake Zadock alikuwa amewahi kuuza viwanja vya watu walio ng'ambo, dawa ya kuwafanya kuku watage mara mbili kwa siku, na kazi za upishi katika meli iliyokuwa imezama. Bidhaa hizo zote zilikuwa na kasoro moja: mwisho wa yote mnunuzi alijua anachopaswa kukiona, na hakukiona. Leo, kwa mara ya kwanza, serikali yenyewe ilikuwa imemletea bidhaa inayotakiwa na wote na isiyojulikana sura na yeyote.

"Asante, mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini, kwa unyenyekevu wa kweli.

Tumtetee kidogo kabla ya kumlaumu. Zadock alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na hakuwa na boma. Kwao, karibu na Katito, mdogo wake Okello, ambaye ni mwalimu, alikuwa amenunua mabati na mbao na kuzifunika kwa turubai. Hakuweza kujenga kwa sababu mila haimruhusu mdogo kumtangulia mkubwa wake. Mkubwa ndiye Zadock, naye akienda nyumbani bado alilala katika simba, kile kibanda cha ujana ndani ya boma la baba, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Kwenye matanga, watu wa rika lake walikalia viti kama wenye maboma, lakini yeye alitumwa maji. Okello alikuwa amempa onyo: "Omera, ndugu yangu, Krismasi ikifika hujajenga, nitaita wazee wa ukoo tumalize jambo hili bila wewe." Kwa hiyo Zadock hakuiba kwa ajili ya starehe. Aliiba kwa ajili ya lango. Alitaka lango la chuma, na mtu wa kumwamkia langoni akimwita mwenye boma.

Alianza na Mathenge, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kutoka mbali aliyefika Kisumu na nyundo moja na sasa alikuwa akiuza nyundo kwa kontena.

"Bwana Mathenge, mimi natoka Ofisi ya Urithi wa Michezo."

Mathenge hakuinua macho. "Kama ni ya kodi, nimelipa."

"Ya kodi huchukua. Sisi tunaacha."

Hapo Mathenge akainua macho.

"Michezo ikiisha," Zadock akaendelea, akiketi bila kukaribishwa, "uwanja utakuwa na paa. Paa ni mabati. Utakuwa na viti, nguzo, nyaya. Hivyo vitu vitaenda wapi?"

"Si vitakaa hapo hapo?"

"Bwana Mathenge. Wewe umefanya biashara Kenya hii miaka yote. Umewahi kuona kitu cha serikali kikikaa pale kilipowekwa?"

Mathenge alifikiri kwa uaminifu, akitafuta hata kitu kimoja. Hakukipata.

"Lakini huo uwanja wenyewe haujajengwa," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja mapema. Ukingoja ujengwe, watu wa Nairobi watakuwa wameyabeba mabaki kabla hayajabaki."

"Ngai!" Mathenge alishika kifua. Alikuwa mtu jasiri asiyeogopa wezi, moto wala mafuriko, lakini wazo la kutanguliwa lilimnyima pumzi. "Niandikie paa. Na viti. Nitume kwa simu?"

"Pesa mkononi, mzee. Simu zina macho. Kwani babako alikuachia shamba kwa simu?"

Mathenge alicheka, akatoa. Zadock alipokuwa mlangoni, akaitwa tena. "Director! Na lile lango kubwa la uwanja?"

"Lango limeshachukuliwa," Zadock alijibu kwa ukali ambao ulimshangaza hata yeye mwenyewe.

Baada ya hapo mji ulimfungukia. Mchungaji mmoja wa Nyalenda alilipa awekewe vipaza sauti, akaomba na kile kinachotangaza magoli kama kipo. Mwenye baa aliwekesha nyasi zote, na hakusema za nini. Mzee mmoja alitaka bendera ya nchi itakayoshindwa kwanza, kwa sababu itakuwa haijachakaa. Zadock aliwahudumia wote kwa suti moja ya kijivu na heshima nyingi, na kila alipoulizwa urithi ni nini hasa, aliinama karibu na kusema, "Ni kile utakachobaki nacho." Hakuna aliyeona kosa katika jibu hilo. Mimi pia nimesikia mengine yaliyo mabaya zaidi kutoka kwa watu wenye gari na mlinzi.

Kituo chake cha mwisho kilikuwa ufukweni, kwa Mama Dorca, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokaanga samaki. Mama Dorca alikuwa mwanamke mnene, mpole, mzaliwa wa Asembo Bay, aliyewasikiliza watu huku akigeuza samaki, ili wadhani hasikilizi.

"Sisi hatutaki paa," alisema. "Samaki asipouzwa leo, kesho ni wa paka. Tumechanga miaka miwili tununue friza. Hao wachezaji watakula wapi?"

"Jikoni mwao maalumu, Mama. Mna friza ambazo ukiingia ndani unahitaji koti."

"Yawa! Na zitabaki?"

"Zitabaki kwa nani tena, kama si kwa wenye samaki?"

Mama Dorca aligeuza samaki upande wa pili. Kisha akaenda nyuma, akarudi na pesa za kikundi zikiwa zimefungwa kwenye leso. Alizitoa kwa urahisi. Mtu mwenye akili angetishwa na urahisi huo, lakini Zadock alikuwa tayari anawaza bawaba za lango.

Alipanga kuondoka Jumamosi asubuhi kwenda Katito, ambako fundi alikuwa akimsubiri. Pesa zote zilikuwa ndani ya mkoba wa kiunoni chini ya shati, ukimpa kitambi cha heshima. Ijumaa Mama Dorca akampigia simu.

"Director, kikundi kimekaa. Tumesema mtu aliyetuletea urithi hawezi kuondoka mikono mitupu. Kesho mchana tunafanya sherehe. Tunakuomba uwe mgeni rasmi."

Zadock alifungua mdomo akatae. Alikuwa na visababu vingi, vyote vizuri. Lakini maneno hayo mawili yalikuwa yameshamwingia. Mgeni rasmi! Yeye, mchota maji wa matanga!

"Nitapita kidogo tu, Mama," alisema. "Nina mikutano."

Jumamosi mchana alikuta hema, kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, na kundi la ngoma za ohangla likiongozwa na Maryanne, mpwa wa Mama Dorca, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mathenge alikuwepo, mchungaji alikuwepo, wawekeshaji wote walikuwepo. Zadock alipewa samaki mkubwa kuliko sahani. Ngoma zikaanza.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Kwenye ohangla, mtu yeyote akijisikia anaweza kusimamisha muziki. Anatia pesa kwenye karai, ngoma zinanyamaza, naye anajisifu mbele ya watu kwa maneno matamu anayoyajua. Tunaita pakruok. Mwingine akiona amezidiwa, anatoa pesa zake na kujisifu zaidi. Ni desturi nzuri, na imewahi kumrudisha mtu nyumbani bila viatu.

Mama Dorca alitangulia. Alitupa noti ndogo karaini. "Simamisha! Mimi Dorca, binti wa Asembo! Nikikaanga samaki hapa, paka wa Kampala wanapanga foleni!"

Watu wakacheka, ngoma zikaendelea. Kisha Mama Dorca akamsukuma Mathenge. Mathenge aliishika noti yake kama mzazi anayeaga mtoto anayekwenda bweni, akaiachilia.

"Simamisha! Mimi ni Mathenge! Nyumba yangu ina lango mbele, ina lango nyuma! Na huyu mgeni wenu, yeye analala wapi?"

Hema lote likamgeukia Zadock.

"Yawa," Maryanne akaimba taratibu, "mgeni rasmi ameulizwa anaingilia lango gani..."

Zadock alihisi joto likipanda kutoka kiunoni, palepale mkoba ulipokuwa. Akainuka, akaingiza mkono chini ya shati, akatoa noti bila kuitazama.

"Simamisha! Mimi ni Zadock, wuod Nyakach, mwana wa Nyakach! Lango langu ni pana kiasi kwamba mgeni akiingia asubuhi, anafika mlangoni jioni!"

Shangwe zilizopanda hapo Zadock hakuwahi kuzisikia tangu azaliwe. Maryanne aliliimba jina lake, akalirefusha, akalikunja na kulikunjua: "Zadock, wuon rangach! Zadock, mwenye lango!" Wazee walimpa mikono. Mwanamke mmoja alimpangusa jasho kwa leso yake. Kisha, kila wimbo ulipokaribia kupoa, Maryanne aliachia swali dogo.

"Nasikia lango lenyewe ni la mbao..."

"Simamisha! La chuma! Limepakwa rangi ya dhahabu!"

"Na mle ndani, wanasema, nyumba ni ya udongo..."

"Simamisha! Ni ya mawe! Na juu yake kuna nyingine!"

Hivyo ndivyo Zadock Oyugi alivyojenga boma lake, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Alijenga ghorofa. Alichimba kisima. Alifuga ng'ombe wa maziwa na kumwajiri mtu wa kuwasomea magazeti. Mathenge alipotaja gari lake, Zadock aliongeza gereji. Na kwa kila tofali alilipa pesa taslimu, bila kuomba kupunguziwa, kwa nyumba isiyokuwa na hata kokoto.

Alipoingiza mkono tena chini ya shati, alishika ngozi yake mwenyewe. Kitambi kilikuwa kimekwisha.

Aliondoka polepole, akitabasamu kulia na kushoto, akaenda nyuma ya hema na kuupindua mkoba. Mama Dorca alimkuta akiukung'uta.

"Usitafute, baba," alisema. "Iko kwenye karai. Kila mtu anarudishiwa yake sasa hivi."

"Mama, sikuelewi. Ofisi ya Urithi..."

"Wale wakubwa wa michezo wanakula samaki kwangu kila wiki. Nilikushuku siku ile ile, nikakupa pesa ili usishtuke, kisha nikawauliza habari za hizo friza. Wakacheka mpaka wakapaliwa. Wachezaji watalala hotelini na kula hotelini. Na kwenye kikundi tuko na mama mmoja ameolewa kwenu Katito. Amenieleza habari ya simba, na ya mdogo wako."

"Sasa mbona hukuita polisi?"

"Ningeita polisi, pesa zingelala kule. Wewe ungetoka asubuhi, pesa zisitoke." Akajipangusa mikono. "Mwizi huwezi kumwambia, tafadhali toa. Nikasema, huyu tumsifu. Atatoa mwenyewe."

Mathenge alitokea akikunja noti zake, ameridhika. Alitazama huku na huku, akamsogelea Zadock, akanong'ona.

"Director, hebu niambie ukweli. Hizo pesa nimechukua tu kwa sababu ya hawa akina mama. Lakini jina langu, kwa ile paa, si bado liko mbele?"

Katika unyonge wake wote, Zadock alimwonea huruma.

"Liko la kwanza, Bwana Mathenge," alisema.

Mama Dorca alitoa noti moja kifuani, akaitia kwenye kiganja cha Zadock. "Hii ni nauli ya Katito. Nenda ukamwambie Okello ukweli. Mkae chini, muwaite wazee, upewe hata mlango wa nyasi. Utaanza hapo."

Yalikuwa maneno mema, na Zadock aliyaona hivyo. Akashukuru, akaishika noti ile kwa nguvu, akaanza kwenda kuelekea barabarani. Alijiona akifika kabla ya giza. Aliona Okello akikasirika, kisha akipoa. Aliona vijiti viwili vimesimikwa ardhini kuonyesha mahali lango litakapokuwa. Kwa mara ya kwanza aliliona lango dogo, la kweli, na halikumtia aibu.

Nyuma yake ngoma zilianza upya, na sauti ya Maryanne ikapanda juu ya mapaa ya mabati na kumfuata njiani.

"Zadock, wuon rangach... mwenye lango... mbona naona anakwenda kwa miguu?"

Zadock aliendelea kutembea.

"Au lile gari la gerejini... lilikuwa la jirani?"

Watu walicheka. Zadock akapunguza mwendo. Akasimama. Akaitazama noti mkononi, akatazama barabara, akaitazama tena noti. Kisha akanyoosha koti la suti, akageuka, akarudi kwa hatua ndefu za mtu mwenye mali, mkono ukiwa juu.

"Maryanne!" akapaza sauti. "Simamisha muziki!"

Mama Dorca alilisogeza karai kwa mguu.