Mazao ya Pampu ya Hezroni

Redio ya Veronika, mwenye kijiwe cha chai hapa Ipyana, ilitangaza kwamba viazi vitamu vimepanda bei kila soko kwa sababu ya kiangazi. Sote tukamgeukia Hezroni. Akajifanya anapuliza chai iliyokwisha poa.

Tunamwita Injinia tangu aliponunua pampu ya petroli akaipeleka Katumba Songwe, kumwagilia viazi kando ya mto.

“Injinia, umesikia?” akaanza Gwamaka, dalali wa mpunga tunayemwita Bei Juu. “Mwenye viazi sasa ni tajiri. Wewe si unavyo?”

“Vipo shambani.”

“Shamba lipi? Jana nimepita pale nikaona msitu. Nimeogopa chatu.”

Veronika akacheka mpaka birika likamtikisika mkononi.

“Chekeni,” akasema Hezroni. “Hesabu yangu ilikuwa safi. Kiangazi viazi hakuna, kwa hiyo mwenye maji ndiye mwenye bei. Na mto haudai mshahara.”

“Mto haudai. Pampu je?”

“Pampu inakunywa. Inakunywa kuliko wewe siku ya harusi.”

“Mimi nikinywa naimba. Hiyo yako imezaa nini?”

Hezroni akaweka kikombe chini. “Kila nikiona udongo umekauka kidogo, nawasha. Majani yakashamiri, nikamwaga na mbolea. Wiki mbili zilizopita nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Nikachimba tuta la kwanza.”

“Ukakuta nini?” akauliza Veronika.

“Mizizi. Maji na mbolea vimeishia kwenye majani, chini ni myembamba kama kamba za kiatu.”

“La pili?”

“Kamba za kiatu cha pili.”

Tulicheka, lakini si sana. Petroli ile ilinunuliwa kwa hela ya kakao ya Naomi, mkewe, na hela ile ilikuwa ya bati za kuezekea nyumba.

“Naomi alisemaje?” nikamuuliza.

“Bora matusi. Angenitukana, ningelala usingizi. Alichuma majani, akajaza kapu, akaondoka. Tangu siku hiyo anafanya hivyo kila asubuhi.”

Gwamaka akatikisa kichwa. “Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeinama vizuri tu, ila mvunguni hamna kitu.”

Hata hajamaliza kujipongeza, Naomi akatokea akisukuma baiskeli, kapu tupu nyuma, dumu likining'inia kwenye usukani. Hezroni akaanza kuchunguza kucha zake.

“Shemeji, pole na viazi,” akasema Gwamaka.

“Viazi gani? Mimi nauza matembele, majani ya hivyo viazi vyenu. Mchicha umekauka kila mahali, huko Kyela mjini wananigombania. Leo yameisha kabla sijashusha kapu.”

Bei Juu akasogea karibu. “Na hela ya petroli?”

“Imesharudi. Sasa natafuta bati.”

Veronika akamsogezea kikombe cha chai. “Ndaga,” akashukuru Naomi, akanywa akiwa amesimama.

Rangi ikamrudia Hezroni usoni. Akakunja nne kama mwekezaji. “Mnaona? Niliwaambia kiangazi kina hela.”

“Ulituambia viazi,” akasema Gwamaka.

“Nilisema kilimo. Wewe ulisikia viazi.”

Naomi akalifungua dumu la petroli kutoka kwenye usukani, akaliweka miguuni pa mumewe.

“Maliza chai, ukamwagilie. Na nisikukute unachimba kutafuta kiazi. Unaniharibia mboga.”

Hezroni akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja, akabeba dumu, akashika njia ya mtoni.